Kiitaliano chako kimekwama? Anza na kisa cha baba yako

Mi ni dereva wa safari hapa Malindi, huu mwaka wa 11. Kiitaliano nilikiokota ufukweni na hotelini kama wengi wetu, na mtu akinisikia na wageni atasema huyu anakijua. Lakini kwa miaka mingi nilikuwa nimekwama palepale, na naona kuna wengi mmekwama pale nilipokwama, ndio maana naandika haya.

Niwaambie siku niliyojua. Nilikuwa nampeleka Tsavo East mama mmoja wa Bergamo, Italia, na mumewe, tumetoka Malindi alfajiri, tumeshika ile barabara ya lango la Sala na mnyama hatujaona hata mmoja. Ratiba nishasema, chakula nishasema, muda wa kurudi nishasema. Maneno yakaisha. Yule mama akaniuliza taratibu, "E Suo padre, che lavoro faceva?" Yaani baba yako alikuwa akifanya kazi gani.

Sasa baba yangu ana kisa. Alikuwa nahodha wa boti kule Ngomeni, akiwavusha wafanyakazi kwenda kwenye yale majukwaa ya Waitaliano yaliyosimama baharini, San Marco na Santa Rita, walikokuwa wakirusha setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, ilirushwa pale setilaiti ya Wamarekani ikapewa jina Uhuru kwa sababu ya siku hiyo, na baba alikuwepo, aliiona roketi ikipanda. Hebu fikiria unampa Mtaliano kisa kama hicho, mtaongea mpaka getini. Mi nikajibu, "Mio padre barca. Lavorare barca," yaani baba yangu boti, kufanya kazi boti. Mama akasema "Ah, che bello," vizuri sana, akageukia dirishani. Nikaendesha kimya mpaka Sala na roho inaniuma, manake kisa ni cha baba yangu mwenyewe na nimeshindwa kukitoa mdomoni.

Nilivyokaa nikafikiria nikaona shida iko wapi. Kiitaliano chetu hapa ni cha kuuza na kujibu. "Io andare, tu venire domani, prezzo buono," mimi kwenda, wewe kuja kesho, bei nzuri. Kinatosha kazi, mgeni anaelewa, analipa, hakuna anayekusahihisha, basi unaweza kukaa nacho miaka 20 kikiwa vilevile. Kuzungumza ni kitu kingine, kuzungumza ni kusimulia, na ukitaka kusimulia lazima uwe na wakati uliopita. Ukiwa huna hiyo hata ukariri maneno 1,000 mapya utabaki kutaja vitu tu.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua kisa kimoja tu, hicho cha baba, nikakiandika kwa sentensi fupi, cha dakika 2 hivi, nikampelekea Mtaliano mmoja mzee anayeishi hapa akaninyooshea. Halafu nikawa nakisimulia kwa kila mgeni anayepanda gari. Si kukariri kama shairi, nakisimulia. Mara ya kwanza nilisahau nusu, mara ya pili mgeni akaniuliza swali nikakosa neno, jioni nikalitafuta nikaliingiza. Kufika mara ya tano hivi mdomo unakwenda wenyewe na akili inabaki na nafasi ya kumsikiliza mwenzako. Baada ya hapo ndio nikaingia kisa cha pili.

Na Kiswahili kitakusaidia kuliko unavyodhani. Angalia: "Mio padre lavorava a Ngomeni. Ogni mattina portava gli operai con la barca. Un giorno ha visto partire il razzo." Hizo lavorava na portava ni alikuwa akifanya, alikuwa akipeleka, mambo ya kila siku yasiyo na mwisho. Ha visto ni aliona, mara moja, imekwisha. Mswahili hachanganyi "alikuwa akiona" na "aliona", kwa hiyo jiulize kwanza kwa Kiswahili ungesemaje kisha uchague. Na ile ci inayotesa watu, mi naichukua kama po na ko zetu: ci sono, nipo, ci vado, naenda huko. Gliel'ho detto inatisha kuiangalia lakini nimemwambia si ni hivyohivyo, mtu kaingia ndani ya kitenzi? Kinachotaka mazoezi tu ni kujua wapi useme ho na wapi useme sono, ho mangiato, nimekula, lakini sono andato, nimeenda, na mwanamke aseme sono andata. Hilo halina njia ya mkato, litakaa kwa kusimulia.

Matamshi, mambo mawili tu. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho kwa karibu kila neno, na Kiitaliano mara nyingi kiko hivyo, ndio maana tunasikika vizuri haraka. Ila kuna maneno yanayokazwa nyuma zaidi na hapo ndipo tunapotea: ni MAcchina, CAmera, teLEfono, BUfalo. Mi nilisema buFAlo miaka na miaka. La pili ni herufi mbilimbili. Anno ni mwaka, ano ni tundu la haja kubwa, kwa hiyo ukimtajia mtu umri wako ikalie hiyo n kama unavyoikalia kwenye "nne".

Halafu adabu. Hapa ufukweni tumezoea ciao bella, ciao amico kwa kila mtu, hadi mzee wa miaka 75. Sisi tunaoamkia watu shikamoo tunawezaje kumwita bibi wa watu bella? Anza na Lei, ile "wewe" ya heshima, na buongiorno, yeye mwenyewe atakwambia diamoci del tu, tuitane tu ya kawaida, akitaka. Nimeona nyuso zikibadilika kwa hilo tu, na mtu akishaona unamheshimu anaongea na wewe kama mtu, hakuoni tena kama muuzaji.

Ukikwama katikati usinyamaze na usikimbilie Kiingereza. Sema allora (basi), sema cioè (yaani), sema come si dice (inasemwaje), sema aspetti un attimo (subiri kidogo). Sisi tunasema "nanii" na "kile kidude", wao wana coso. Ukikosa jina la jeki sema quella cosa che serve per alzare la macchina, kile kitu cha kuinulia gari, mgeni atakupa neno mwenyewe na hilo hutalisahau.

Na omba usahihishwe. Papa Yohane Paulo wa Pili alipochaguliwa Oktoba 1978, Mpolandi, alisimama mbele ya uwanja umejaa Warumi akawaambia se mi sbaglio mi corrigerete, nikikosea mtanisahihisha, na hilo neno lenyewe la kusahihisha alilikosea, inatakiwa correggerete. Watu wakamshangilia. Mi wageni wangu nawaambia mapema, leo nisahihisheni ho na sono peke yake, manake ukiwaambia wasahihishe kila kitu wanachoka au wanakuonea huruma wanaacha.

Mwezi wa 4 mpaka wa 6 wageni hakuna, mvua, hoteli nyingi zimefungwa, na ndio wakati lugha inapooza. Hapo natumia voisi za WhatsApp, wao wanaziita vocali, nimebaki na wageni 4 tunatumiana, na kabla sijatuma najisikiliza kwanza. Jumapili namsikiliza Papa kwenye Angelus, ile sala yake ya mchana, saa 6 mchana ya Roma, kwetu ni saa 7 au saa 8 kutegemea majira yao, anasoma taratibu na maneno yenyewe yanawekwa kwenye tovuti ya Vatican kwa Kiitaliano, na Vatican News wana Kiswahili pia kwa hiyo unalinganisha. Mi ni Muislamu, nafuata lugha, na imenisaidia sana.

Agosti iliyopita yule mama wa Bergamo alirudi na mumewe. Niliomba hiyo safari niiendeshe mimi. Kabla hatujafika mbali nikamwambia, signora, l'altra volta mi ha chiesto di mio padre, mara ile uliniuliza habari za baba yangu. Nikamsimulia chote, bahari, boti, roketi. Mumewe akaweka kamera chini akaniuliza kishindo kilikuwaje, sikuwa na neno la kishindo nikasema un rumore forte, come un tuono, kelele kubwa kama radi, akatikisa kichwa ameelewa. Tulipokaribia Sala mama akauliza, "E Sua madre?" Na mama yako?

Nikamjibu kidogo nilichoweza. Hicho ndicho kisa ninachokiandika wiki hii, nimefika sentensi ya nane.