Ukianza kusoma vitabu vya ahera: ushauri kwa wanafunzi wapya wa fasihi

Wanafunzi wapya wanaochagua mada ya maisha baada ya kifo huwa na haraka moja: wanakimbilia dhamira. Tahakiki haijafika aya ya pili, tayari imeshatangaza kwamba mwandishi anatukumbusha kifo hakikwepeki. Hilo hakuna asiyelijua, na hakuna haja ya kusoma kurasa mia tatu ili kuligundua.

Anza na sheria. Kabla hujauliza kitabu kinasema nini kuhusu kifo, uliza wafu wa humo wanaruhusiwa nini na wamekatazwa nini. Wanakula? Wanalala? Wanatuona? Wanaweza kurudi, na kwa kibali cha nani? Yaandike kwenye daftari pamoja na namba za kurasa, hata yakionekana madogo.

Chukua The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola wa Nigeria, iliyochapishwa London mwaka 1952. Mnywaji mmoja kafiwa na mgema wake, aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi, naye anafunga safari hadi Mji wa Wafu kwenda kumrudisha. Akifika anakuta wenyeji wanatembea kinyumenyume, na wanakereka kumwona anakwenda kwa mbele kama watu wa duniani. Mgema naye anamweleza kwamba hakuingia mjini humo siku aliyokufa. Alipitia kwanza mahali pa mafunzo, akakaa miaka miwili, ndipo akahitimu kuwa mfu kamili. Kurudi hawezi tena. Wengi hucheka hapo na kufungua ukurasa unaofuata. Wewe simama. Ikiwa ufu unasomewa mpaka mtu ahitimu, basi mgema hajazuiwa na mlango wala mlinzi. Amekwisha kuwa mtu wa desturi nyingine, na mapenzi ya rafiki yake hayawezi kuifuta elimu hiyo. Hiyo ni hoja ya tahakiki nzima, na imetoka kwenye sheria moja tu.

Mfano wa pili ni mfupi zaidi. Katika Huis clos, tamthilia ya Jean-Paul Sartre iliyoonyeshwa Paris mwaka 1944, jehanamu ni chumba chenye watu watatu. Hakuna moto wala malaika wa adhabu. Taa haizimwi, kope hazifungi, kioo hakuna. Ukikosa kioo, itabidi umuulize mwenzako rangi ya mdomo imekaa vipi, na mwenzako huyo ana nia zake. Mateso yote ya mchezo yanaanzia kwenye vitu vilivyokosekana chumbani. Anayeandika tu kwamba Sartre anaonyesha binadamu ni wabaya, bila kukitaja kioo, hajausoma mchezo.

Jambo la pili: isome mara mbili sehemu ya kuingilia. Mwandishi hujifichua langoni. Hapa mimi nina upendeleo, na sioni sababu ya kuuficha: kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika kundi hili ni Risalat al-Ghufran ya Abu al-Ala al-Ma'arri, mshairi kipofu wa Syria, kilichoandikwa mnamo mwaka 1033. Ma'arri alikuwa akijibu barua ya msomi wa Halab (Aleppo), mji wa Syria, aitwaye Ibn al-Qarih, na katika jibu lake akamtia msomi huyohuyo peponi. Lakini kuingia kwenyewe ni kichekesho kitupu. Cheti chake cha toba kinampotea katika msongamano wa Siku ya Kufufuliwa. Anajaribu kumlainisha Ridwan, mlinzi wa pepo, kwa mashairi ya kumsifu, kama alivyozoea kuwasifu wakubwa wa duniani, na Ridwan hata haelewi mashairi ni kitu gani. Mwishowe anaombewa na watu wa nyumba ya Mtume, na daraja la Sirati analivuka akiwa amebebwa mgongoni na msichana. Yeyote aliyewahi kuzungushwa ofisini kwa karatasi moja iliyopotea atacheka kwa uchungu. Sasa kilinganishe na The Seven Moons of Maali Almeida ya Shehan Karunatilaka wa Sri Lanka, iliyoshinda tuzo ya Booker mwaka 2022. Mpiga picha aliyeuawa anazinduka mahali panapofanana na ofisi ya serikali, foleni na makarani wamo. Kati ya vitabu hivi viwili kuna karibu miaka elfu moja, na bado mfu anaombwa karatasi.

Kabla ya sura ya kwanza, soma pia historia kidogo. Riwaya ya Karunatilaka imewekwa Colombo mwaka 1990, wakati wa vita na watu kupotezwa, na bila kujua hayo utadhani mizimu inayojaa mitaani ni pambo. Dante, mshairi wa Italia, naye aliiweka mwaka 1300 safari yake ya ahera katika shairi la Divina Commedia, kisha akaliandika miaka ya baadaye akiwa amefukuzwa kwao Florence. Ndiyo maana ameweza kumtayarishia Papa Bonifasi VIII, aliyewaunga mkono waliomfukuza, shimo la moto ilhali katika hadithi papa huyo bado yu hai. Kuna kisasi humo, si teolojia peke yake.

Kwetu huku lipo shairi la Al-Inkishafi la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu. Beti zake hazifiki 80, na mshairi anausemeza moyo wake mwenyewe. Jehanamu na tabaka zake zinakuja mwishoni. Kabla yake anakutembeza kwenye majumba ya matajiri wa Pate yaliyoporomoka, ambamo madaka yaliyowekwa sahani za kaure sasa yanalaliwa na makinda ya ndege. Pate ilikuwa imeanguka kweli. Usiruke magofu ili uwahi moto. Isome kwa sauti, ukiwa na mtu anayekijua Kiamu, lahaja ya Lamu, kama unaweza kumpata.

Kuhusu imani: darasa litakuwa na Waislamu, Wakristo na wasiosali. Usiandike tahakiki ya kumhukumu Ma'arri kwamba kakufuru, wala ya kumtetea kwamba hakukufuru. Wanazuoni wamebishana juu ya dini yake tangu zamani. Andika anachokifanya na lugha ya toba na msamaha. Imani yako huna haja ya kuificha, ila isifanye kazi ya ushahidi.

Na kama umefiwa karibuni, mwambie mwalimu mapema, akupe kitabu kingine. Wapo wanaofarijika na vitabu hivi, wapo wanaoshindwa kumaliza ukurasa, na hakuna alama za ziada za kuvumilia.

Kwa mpangilio, ningeanza na Tutuola, kwa sababu anasomeka kama ngano. Baadaye Sartre kwa jioni moja, kisha Al-Inkishafi, halafu Ma'arri kwa tafsiri yenye maelezo. Dante soma Inferno (sehemu ya jehanamu) kwanza, na usiogope kuacha Paradiso (sehemu ya pepo) hadi mwaka wa tatu. Riwaya za Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi wa Tanzania ziweke mwisho kabisa. Ni nyembamba, na wembamba huo umewadanganya wengi kuzichukua wiki moja kabla ya mtihani.