Dhahabu ya mtindo wa Kietruski: mizani iache kwanza

Sisi wa huku, mbele ya sonara swali la kwanza ni "gramu ngapi?" Kwa vito vya karne ya 19 vilivyoiga kazi za Waetruski, swali hilo litakupotosha. Hereni nyepesi huweza kuishinda bei bangili nzito, maana hapo unalipia mkono wa fundi.

Waetruski waliishi Italia ya kati kabla Roma haijawameza. Mwaka 1836 kaburi lao moja lilifunguliwa Cerveteri, ndani mna dhahabu iliyopambwa kwa chembe ndogo mno, nyingine hazifiki robo milimita. Akina Castellani, masonara wa Roma, walihangaika miaka na miaka kutafuta chembe zile zilishikizwaje bila lehemu kuonekana. Walikaribia tu, lakini mtindo waliouzua ukavuma mpaka London.

Basi chunguza chembe. Shika lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara kumi. Kwenye kazi safi kila chembe ni duara kamili, na kati yake na mwenzake kuna kivuli. Nakala iliyomiminwa kwenye kalibu ina vinundu vilivyozama katika bamba, kama upele.

Kisha geuza nyuma. Watu hawageuzi, sijui kwa nini! Doa la kijivu huko ni lehemu ya risasi: kito kimekarabatiwa ovyo baadaye, na bei ishuke. Mhuri wa Castellani ni herufi C mbili zilizopishana, ila mimi siuamini peke yake. Kughushi mhuri ni rahisi kuliko kupanga chembe. Vito vingi vya Uingereza havina mhuri kabisa. Ukiona wa Kiingereza wa karati 15, ujue kiwango hicho cha usafi wa dhahabu kilitumika kuanzia 1854 hadi 1932.

Muuzaji akikuapia kwamba ni cha Waetruski wenyewe, dai hati. Tangu sheria ya 1909, Italia huhesabu vitu vya kale vinavyofukuliwa ardhini kuwa mali ya serikali.

Ukishanunua, usimpe fundi aking'arishe. Vingi vilichovywa kwenye asidi ili juu ibaki ngozi nyembamba ya dhahabu tupu, isiyometameta. Mashine ya kusugua huiondoa mara moja, na hairudi. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ya mtoto vinatosha. Chenye mozaiki, yaani picha ya vipande vidogo vya kioo au mawe, usikiloweshe hata kidogo. Kipanguse kwa kitambaa kikavu.