Barua kwa Mwanangu: Mteja Asiyeuliza

Ng'ambo, Tabora

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako tumeisoma pamoja na mama yako, na swali lako tumelizungumza kwa kirefu kabla sijashika kalamu. Unasema mikoba uliyoletewa dukani kwako Kigoma ina muhuri wa Kiingereza unaotamka kwamba ni ngozi halisi, ilhali ulipochunguza ukingo wa mmoja wao uliona utando wa plastiki umebandikwa juu ya ngozi dhaifu. Unasema pia kwamba wanunuzi wako wengi ni watu wa kuvuka ziwa, kutoka Bujumbura na Kalemie, ambao hununua, hupanda boti, na huenda msionane tena. Ndipo ukauliza: ikiwa mteja hakuuliza nami nikanyamaza, je, nimemdanganya?

Ndiyo, utakuwa umemdanganya. Naomba nikueleze kwa nini, na nianze na ngozi yenyewe, kwa kuwa humo ndimo jibu lilimo.

Ngozi ya ng'ombe ni nene, na kiwandani hupasuliwa kwa mashine ikawa matabaka. Tabaka la juu, lile lililoota manyoya, nyuzi zake zimesukana kwa karibu, na ndilo lenye nguvu. Tabaka la chini, lililokuwa upande wa nyama, nyuzi zake zimelegea, na ili lipendeze hupakwa plastiki na kugandamizwa alama za vinyweleo. Ipo pia ngozi ya kusagwa, yaani mabaki yaliyosagwa yakaunganishwa kwa gundi. Zote tatu asili yake ni mnyama, kwa hiyo aliyepiga muhuri ule anaweza kusimama mbele ya watu akaapa kwamba hakusema uongo. Hata hivyo, mkoba wa tabaka la juu ukitunzwa hudumu miaka mingi na huzidi kung'aa kwa kushikwa, ilhali ule wa plastiki, katika joto na unyevu wa huko ziwani, huanza kubambuka, na ukishabambuka hakuna fundi awezaye kuurudisha.

Kasoro nyingine huanzia mbali zaidi. Ng'ombe akishachunwa, ngozi yake isipotiwa chumvi mapema huanza kuoza, hata kama jicho bado halijaona. Chumvi ya Uvinza, ambayo Wanyamwezi waliichuuza kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, ipo njiani kati ya mji wangu na wako, kwa hiyo hatuna udhuru; lakini wapo wanaoibania ngozi chumvi, na ngozi iliyoanza kuoza, ikishasindikwa na kupakwa rangi, hufanana na nyingine zote. Mimi nikiishika kabla ya rangi naitambua. Anayeikuta dukani, rangi imekwisha kufunika uso na bitana imefunika upande wa ndani, ataitambuaje? Hana namna ila kukutegemea wewe. Hawezi hata kukuuliza, kwa sababu hajui kwamba kuna la kuuliza, na kunyamaza kwako kunajengwa juu ya kutojua kwake.

Unakumbuka kisa ulichofundishwa madrasa, cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono wake katika rundo la nafaka, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua iliyoinyeshea. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione. Wala hatusimuliwi kwamba mnunuzi yeyote alikuwa ameuliza, mwanangu.

Kuhusu wateja wasiorudi, sitakuambia kwamba uaminifu utakutajirisha. Wengi husema hivyo, na mara nyingine ni kweli, lakini neno hilo linawalinda wateja wa hapo hapo mjini kwako, wa Mwanga na Ujiji tu, ambao wanaweza kurudi kukusema, na linamwacha mikono mitupu yule wa Kalemie. Babu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu hivi, kila mmoja na takriban kilo 30 begani. Simaanishi kwamba biashara ile ilikuwa safi, maana humo humo binadamu waliuzwa, na hilo halifichiki. Ninachokitazama ni heshima ya mpagazi, ambayo ilikuwa kuufikisha mzigo ukiwa kamili hata mwenye mzigo awe mbali asikokuona. Mteja wako aliyeko ng'ambo ya ziwa ana haki hiyo hiyo.

Kusema kweli nako kuna upande wa pili ambao wauzaji wazuri huusahau. Usisifu kupita kiasi. Ngozi ninayoipenda mimi ni ile iliyosindikwa kwa magome ya miwati, kazi ya wiki nyingi, lakini sehemu kubwa ya ngozi duniani husindikwa kwa kromu, dawa ya viwandani, kwa muda mfupi zaidi, na kuna ya kromu iliyo imara na laini sana. Ukiiponda ili uuze ya magome, umedanganya pia. Vivyo hivyo na makovu. Ng'ombe wetu wanaumwa na kupe, wanakwaruzwa na miiba, wanapigwa chapa za moto, na alama hizo hubaki. Mwonyeshe mnunuzi kovu, mwambie halipunguzi nguvu ya mkoba kama ni la juu juu, kisha aamue mwenyewe. Ukiliziba kwa rangi nzito utakuwa umeificha hata ngozi nzuri.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Lakini nisingependa uifanye sheria kuwa sababu yako.

Mikoba uliyonayo usiitupe. Andika kwa Kiswahili kwenye kadi, herufi kubwa, kwamba ni ngozi ya tabaka la chini iliyopakwa plastiki, kisha ushushe bei. Wapo wanaohitaji mkoba wa sherehe moja tu, nao wataununua wakijua. Mwenye duka jirani anayeuza mfano wake kwa jina la ngozi safi atakuzidi mauzo kwa muda, na huo ni uchungu wa kweli ambao sina dawa yake. Aliyekuletea mzigo mweleze kwamba safari ijayo aandike aina ya tabaka kwenye hati ya mauzo, na akikataa usichukue tena mali yake.

Nitakutumia kwa treni mikoba michache niliyoishona mwenyewe kwa uzi uliopakwa nta ya nyuki wetu, pamoja na vipande vitatu vya ngozi visivyoshonwa, kimoja cha kila aina. Viweke mezani, ukingo ukielekea kwa mteja, ili avishike kabla hajauliza bei.

Wasalimie wakwe zako na watoto.

Ni mimi baba yako.