Usilipe kodi ya nyumba kabla hujazungumza na mtaa

Nililipa kodi ya mwaka mzima kwa nyumba ya vyumba sita pale Mwanza, nikanunua vitanda kumi vya deka, nikapaka kuta rangi ya bluu kwa sababu niliambiwa watoto wanaipenda. Miezi tisa ikapita bila mtoto hata mmoja kulala humo. Aliyefaidi ni mlinzi. Kosa lilikuwa langu: nilianzia mwisho. Sasa vijana wanaotaka kufungua malazi ya dharura kwa watoto wa mitaani wananijia na swali moja, kibali kinachukua muda gani, nami huwauliza kwanza kama wameshaonana na mwenyekiti wa mtaa. Wengi wanashangaa. Walidhani safari inaanzia wizarani.

Usajili wa shirika nitaupitia haraka maana ndio mwepesi. Jisajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, wala usijaribu njia ya mkato ya kampuni isiyo ya faida. Mabadiliko ya sheria ya 2019 yaliwarudisha mstari wa nyuma wengi waliokuwa wamepita huko. Mwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri mapema, na katiba yako iandike wazi kwamba mtahudumia watoto. Cheti cha usajili ukikipata, usikitundike ukutani ukadhani umemaliza. Kinasema shirika lipo. Hakisemi kwamba unaruhusiwa kulaza mtoto wa mtu.

Ruhusa hiyo ni leseni ya makao ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na mwenye mamlaka nayo ni Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Mimi nilikwenda na hoja kwamba yangu si makao, ni pa kulala usiku mmoja au wiki moja tu mpaka mtoto apate ndugu zake. Nilijiona mjanja. Afisa Ustawi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na usiku huo mmoja, akiugua, nani mlezi wake?" Sikuwa na jibu. Mtoto analala kwako, basi wewe una makao, na neno dharura halikupunguzii hata ukurasa mmoja wa maombi.

Leseni haiendi kwa Kamishna ikiwa mikono mitupu. Inapanda kutoka chini, na chini kabisa kuna karatasi inayodharauliwa kuliko zote: muhtasari wa mkutano wa mtaa, wenye mahudhurio na saini, ukionyesha wakazi wameridhia. Bila huo, Mtendaji wa Kata hana cha kupeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kamati hiyo mwenyekiti wake ni diwani, na diwani anajua kura zake zinatoka mtaa gani.

Mkutano wetu wa kwanza ulivunjika. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu haki za mtoto, nikaisoma nimevaa tai. Mzee mmoja akasimama: hao wanavuta gundi, wataanza na kuku wetu, watamalizia na redio. Mwingine akauliza vyoo vya nyumba ile vina matundu mangapi, maana shimo lilikuwa linafurika hata alipokuwa akiishi mpangaji mwenye watoto watatu. Nikawajibu wote kwa jumla kwamba "tutalishughulikia". Watu wakaanza kuondoka.

Mkutano wa pili niliacha tai nyumbani. Wiki mbili kabla yake nilipita nyumba kwa nyumba na mjumbe, na nikanyamaza zaidi kuliko nilivyosema. Nilirudi mkutanoni na mambo yanayoshikika: shimo limezibuliwa na la pili limechimbwa, geti linafungwa saa tatu usiku, namba yangu ya simu anayo mwenyekiti na inapokelewa muda wote, na tutachangia ulinzi shirikishi kama kaya nyingine. Hata hivyo kilichogeuza upepo sikukipanga. Mama mmoja anayeuza mboga aliuliza watoto watakula nini na tutanunua wapi. Nikasema hapahapa mtaani, kwa zamu, na zamu aziandike yeye. Yule mzee wa kuku hakuunga mkono mpaka leo, lakini jina lake limo kwenye mahudhurio, na muhtasari unasema alipinga. Usiombe upinzani ufutwe. Karatasi inayosema wote walishangilia haiaminiki ikifika halmashauri.

Kuhusu jengo, muulize Afisa Mipango Miji kiwanja kimesajiliwa kwa matumizi gani kabla hujatia saini mkataba wa pango. Changu kilikuwa cha makazi. Kubadili matumizi ndiko kulikokula sehemu kubwa ya ile miezi tisa, na anayestahili kuomba ni mwenye nyumba, si mpangaji; wangu alikuwa Kahama na hakuwa na haraka. Afisa Afya ataangalia vyoo, maji, jiko, nafasi kati ya vitanda, na vyeti vya kupimwa afya vya wapishi.

Zimamoto nao wasikukute na nondo za dirisha zilizochomelewa moja kwa moja. Tunazipenda nondo kwa ajili ya wezi. Septemba 2020 watoto 10 walikufa bwenini kwa moto shuleni Kyerwa, Kagera. Tangu nisikie habari ile siwezi kuingia chumba cha watoto bila kutafuta mlango wa pili. Fundi wetu alitengeneza nondo zenye bawaba, zinafunguka kwa ndani, na ukaguzi ulipita. Ada yoyote lipa kwa namba ya malipo ya serikali na stakabadhi uihifadhi. Ukiambiwa ulete mkononi, omba namba hiyo kwa upole, tena mbele ya watu.

Swali gumu kuliko yote linakuja mwishoni: mtoto huyu anaondoka lini, na anakwenda wapi? Serikali inahesabu makao kuwa kimbilio la mwisho, baada ya familia, ndugu, na familia za kuaminika, yaani zile zilizoidhinishwa kumlea mtoto kwa muda. Jirani zetu Kenya walisimamisha usajili wa taasisi mpya za watoto Novemba 2017. Kwa hiyo kwenye maombi yako ukurasa wa kumrudisha mtoto kwao uwe mnene kuliko ukurasa wa vitanda: nani anafuatilia familia, nauli inatoka fungu gani, nani anakwenda kumtazama baada ya mwezi. Mimi niliandika mistari minne. Nikarudishiwa.

Ukishafungua, daftari la mapokezi ndilo kibali chako cha kila usiku. Saa aliyofika, aliyemleta, hali ya mwili, jina analolitaja yeye hata kama unahisi si lake. Afisa Ustawi apigiwe usiku huohuo. Palipo na dalili za kuumizwa, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi pia. Sisi tumebandika namba hizo juu ya kitanda cha mlinzi pamoja na 116, ya huduma ya simu kwa mtoto. Wahisani watataka picha. Wape picha za paa.

Mtoto wetu wa kwanza aliletwa na mwenyekiti mwenyewe, saa nane usiku, amemkuta kalala chini ya meza ya kuuzia dagaa. Nikamuuliza kama ameshampigia Afisa Ustawi. Akasema simu yake haina salio. Tukapiga kwa yangu, huku mtoto amesimama katikati yetu akisubiri tumalize.