Mama na Siku Nzima ya Mwendo: Kiti cha Magurudumu au Skuta ya Umeme?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mdogo wangu anayefanya kazi Orlando, Marekani, ametualika mama na mimi mwezi Julai, na amekusudia kutupeleka Walt Disney World kwa siku mbili pamoja na watoto wake. Mama ana miaka 71 na magoti yamemchoka: kutoka nyumbani kwetu Rau hadi kituoni hutembea kwa mkongojo na kupumzika mara mbili, ingawa akifika hupanda daladala mwenyewe. Mikono yake ina nguvu na macho yanaona vizuri. Mimi mgongo unanisumbua. Mdogo wangu anataka kukodi kiti cha magurudumu. Binamu yetu anashauri tununue skuta ya umeme, kile kigari cha kukalia cha wasioweza kutembea mbali, hukohuko na kurudi nayo. Mama amesema jambo moja tu, kwamba hataki kusukumwa kama mgonjwa. Tufanyeje?
Binti wa Rau, Moshi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nitaanza na kauli ya mama, kwa sababu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mtu anayepanda daladala mwenyewe hana shida ya kusimama wala ya kukaa. Shida yake ni masafa, na mnakokwenda masafa ni makubwa. Walt Disney World ina bustani nne za burudani zilizo mbalimbali, na katika mojawapo, Epcot, njia ya kuzunguka ziwa lenye mabanda ya nchi 11 ina urefu wa karibu kilomita 2 peke yake, kabla hujahesabu mwendo wa kutoka langoni. Ongeza joto la Florida la mwezi Julai na mvua za radi za alasiri, kisha ujiulize kama mgongo wako utaweza kusukuma kiti mchana kutwa huku ukiwaangalia watoto.

Kiti cha magurudumu kina sifa zake: ni chepesi, hukunjwa kikaingia kwenye buti ya gari, na hakitegemei betri. Lakini anayekisukuma ndiye anayeamua kila kitu. Niliwahi kumsukuma shangazi yangu siku nzima ya harusi kule Machame, na jioni ndipo nilipotambua kwamba kila alichokiona siku ile nilikuwa nimemchagulia mimi. Niliposimama kusalimiana na watu, naye alisimama, hata kama macho yake yalikuwa kwa wacheza ngoma. Hakulalamika, lakini jambo hilo halijanitoka moyoni.

Kwa hiyo kwa mama yenu nachagua skuta, ila ya kukodi. Huendeshwa kwa usukani wenye kitenzo kidogo kinachobonyezwa kwa kidole gumba, na ukikiachia inasimama yenyewe. Nyingi zina kitufe cha kuzungusha cha kupunguzia na kuongezea mwendo, chenye picha ya kobe upande mmoja na sungura upande wa pili. Ndani ya umati mama abaki kwa kobe, kwa maana watoto husimama ghafla mbele ya mtu. Yenye magurudumu matatu hugeuka mahali pembamba zaidi, lakini kwa anayejifunza ningependa ya manne, ambayo hutulia zaidi.

Skuta zinazokodishwa ndani ya bustani hupewa anayewahi na haziwekwi akiba, wala hazitolewi nje ya bustani. Ni heri mdogo wako akodi kwa wafanyabiashara wa Orlando wanaozipeleka nyumbani, na aichaji kila usiku. Njia nyingi za foleni zina upana wa kutosha. Mahali pachache mama ataombwa aache skuta na kukalia kiti cha magurudumu kwa muda, na kwenye michezo mingi ya kupanda atahamia mwenyewe kwenye kiti cha mchezo, jambo analoliweza.

Kununua sikushauri. Betri za skuta zina masharti magumu kwenye ndege, umeme wa kule ni volti 120 na wetu ni 230, na magurudumu yale madogo hayakutengenezwa kwa barabara za vumbi na mashimo. Uwanjani KIA na mtakapobadilisha ndege, hata hivyo, mama akubali kiti cha magurudumu. Liarifuni shirika la ndege angalau saa 48 kabla ya safari.

Kabla ya kuondoka, mpeleke mama kwa mtaalamu wa viungo pale hospitali ya KCMC, ambako chuo cha TATCOT kimefundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981, apimwe nguvu za kidole gumba na namna magoti yanavyovumilia kukaa muda mrefu. Mtumie mdogo wako uzito wa mama, kwa kuwa kila skuta ina kiwango chake, naye aombe iletwe jioni ya kuamkia siku ya kwanza, ili mama ajizoeze uani kugeuza na kurudi nyuma kabla hajakutana na umati.