Kitunguu majani matupu, kichwa hakuna

Pole ndugu. Kama nimekuelewa, mbegu uliletewa na shemeji kutoka Uholanzi, shamba liko Mang'ola kule Karatu, Tanzania, maji yapo, majani yamenawiri ila chini hakuna kitu. Sidhani kama tatizo ni udongo. Kitunguu kina saa yake ya ndani, inayoendeshwa na jeni (vinasaba) zinazowaka na kuzimika kwa zamu usiku na mchana. Mchana ukirefuka vya kutosha, jeni iitwayo AcFT1 huamka na kuamuru kichwa kivimbe. Kabla ya hapo AcFT4 hukizuia. Aina nyingi za Ulaya ya kaskazini hudai mchana wa saa 14 hadi 16. Kwenu, karibu na ikweta, mchana una urefu wa kama saa 12 mwaka mzima, basi zitasubiri hadi kiama.

Usiongeze mbolea ya yurea! Itazidisha majani na shingo nene tu. Wauzie wenye migahawa kama vitunguu majani, na msimu ujao panda Red Creole au Bombay Red, zinazoridhika na mchana mfupi. Ila ukiona madoa ya zambarau kwenye majani, huo ni ugonjwa: mwite bwana shamba kabla hujanunua dawa yoyote.