Kura ni siri: wanajuaje mwanamke Mzungu kampa nani?

SWALI: Shikamoo, Daktari. Nafundisha Uraia katika sekondari moja hapa Tanga. Tulipofika mada ya uchaguzi, mwanafunzi mmoja akasema amesikia redioni kwamba mwaka 2024 asilimia 53 ya wanawake Wazungu wa Marekani walimpigia kura Donald Trump, ilhali zaidi ya asilimia 90 ya wanawake weusi walimpigia Kamala Harris. Darasa zima likanigeukia. Kwanza, kura ni siri. Takwimu hizi zinatoka wapi? Pili, mbona wanawake hawakumpa mwanamke mwenzao? Ina maana rangi ina nguvu kuliko jinsia?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kazi yangu ni utafiti wa maoni, na swali lako la kwanza ndilo ambalo watu huliruka, kisha wakipotea katika la pili wanashangaa.

Hakuna anayefungua karatasi ya mtu. Takwimu za redioni zilitokana na dodoso la mlangoni mwa kituo. (Nakwepa makusudi kusema "kura ya maoni", kwetu Tanzania hiyo ni mchujo ndani ya chama, na ukivuka mpaka kwenda Kenya unakuta ni kuamua juu ya katiba.) Kampuni ya Edison Research, kwa niaba ya mashirika makubwa ya televisheni, huchagua vituo kadhaa nchi nzima. Mdodosaji husimama nje, na kila baada ya idadi fulani ya watu humwomba mmoja ajaze fomu isiyo na jina: jinsia, rangi, umri, elimu, umempa nani. Wanaopiga kura kwa posta hutafutwa kwa simu. Matokeo rasmi yakishatoka, majibu hupewa uzito upya ili yalingane nayo.

Kituo cha utafiti cha Pew hufanya vingine. Hakina haraka ya usiku wa matokeo. Miezi kadhaa baadaye huchukua watu kiliowahoji, kisha huwatafuta katika madaftari ya wapiga kura ya majimbo. Kule daftari linaonyesha nani alijitokeza, bila kuonyesha alimpa nani, na katika majimbo kadhaa ya kusini, kama Georgia na North Carolina, linaandika hata rangi ya mpiga kura. Kwa njia hiyo wanachujwa wale wanaodai walipiga kura kumbe siku ile walikuwa zao nyumbani. Ni wengi kuliko unavyodhani.

Sasa tazama. Mwaka 2016 dodoso la mlangoni lilisema asilimia 52 ya wanawake Wazungu walimpa Trump na 43 wakampa mpinzani wake, Hillary Clinton. Pew ilipopitia madaftari ikapata 47 kwa 45. Trump bado yuko mbele, lakini ile sentensi iliyozunguka dunia nzima, kwamba zaidi ya nusu ya wanawake Wazungu walimkataa Clinton wakampa yeye, inakosa miguu. Waambie wanafunzi kanuni ya haraka ya kukadiria kosa la dodoso: gawa 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Watu 400 wanakupa 1 juu ya 20, yaani asilimia 5 juu au chini. Kundi likigawanywa tena na tena (wanawake, tena Wazungu, tena wasio na shahada), waliobaki ni wachache na kosa linanenepa. Mimi takwimu hizi hunionyesha upepo unavuma kutoka wapi. Tofauti ya pointi mbili sigombani nayo.

Tuje kwa la pili. Panga mstari mmoja wa takwimu zinazotoka chanzo kimoja, dodoso la mlangoni, usichanganye na Pew. Wanawake Wazungu waliompa mgombea wa Republican, chama cha Trump: mwaka 2008, John McCain, asilimia 53. Mwaka 2012, Mitt Romney, 56. Trump 2016, 52. Trump 2020, 55. Trump 2024, 53. Katika chaguzi hizo tano, upande wa Democratic, chama cha Harris, walisimama mwanamume mweusi mara mbili, mwanamke Mzungu, mwanamume Mzungu, kisha mwanamke mwenye baba Mjamaika na mama Mhindi. Mgombea alibadilika jinsia na rangi kama kinyonga, na mstari haukutikisika kwa zaidi ya pointi chache. Ukirudi nyuma hadi 1952, kwa tafiti za aina nyingine, chama cha Democratic kimeongoza kwa wanawake Wazungu mara mbili tu, 1964 na 1996.

Kwa hiyo hawakumkataa mwanamke mwenzao. Walipiga kura ya chama chao, ile ile ya miaka yote. Ukitaka kumtabiri mpiga kura wa Marekani, usianze na jinsia wala rangi ya mgombea; uliza chama. Halafu, kwa Wazungu, uliza shahada: mwaka 2016, kwa dodoso hilo hilo, wanawake Wazungu wenye shahada walimpa Clinton asilimia 51, na wasio nayo walimpa Trump zaidi ya 60. Wote wanawake, wote Wazungu.

Hapo wanafunzi watauliza: mbona weusi wanashikamana na wanawake hawashikamani? Hapa ndipo napenda kukaa. Rangi kule Marekani ina makazi yake. Sheria na desturi ziliwaweka watu weusi mitaa yao, shule zao, makanisa yao. Marekebisho ya 15 ya Katiba yaliwapa wanaume weusi haki ya kura mwaka 1870, majimbo ya kusini yakaizima kwa kodi ya kura na mitihani ya kusoma, na hadi Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 ndipo milango ikafunguka kweli. Mwaka mmoja kabla, mgombea wa Republican, Barry Goldwater, alikuwa amepiga kura ya hapana kwa Sheria ya Haki za Kiraia. Hilo halikusahaulika. Mwanasayansi wa siasa Michael Dawson alieleza mwaka 1994 kwamba mtu mweusi hupima jambo kwa kujiuliza litawafikaje watu weusi wote, kwa kuwa yakiwafika wao yatamfika na yeye.

Wanawake hawana mtaa wao. Mwanamke Mzungu wa Alabama analala nyumba moja na mume Mzungu, mshahara unaingia mfuko mmoja, Jumapili wanakwenda kanisa moja. Pengo la kijinsia lipo, tangu 1980 linatajwa kila uchaguzi, na mwaka 2024 Pew iliona wanawake wakimpa Harris 53 na wanaume wakimpa Trump 55. Lakini ni pengo la pointi kama kumi, wakati lile la rangi ni la makumi.

Ukitaka kuona rangi na jinsia zikishindana bila chama kuingilia, nenda kwenye kura za mchujo, maana huko wote ni wa chama kimoja. Tarehe 26 Januari 2008, South Carolina, wanawake weusi wa Democratic walikuwa na Clinton upande mmoja na Barack Obama upande wa pili. Karibu wanne kati ya watano walimpa Obama. Miezi michache kabla, wengi wao walikuwa wakimtazama kwa mashaka kijana huyo mwenye baba kutoka Kogelo, hadi aliposhinda Iowa, jimbo la Wazungu, wakaona kumbe anaweza kushinda.

Ila usiwafundishe kwamba rangi "imeshinda". Mwaka 1976 wanawake weusi walioishtaki kampuni ya magari ya General Motors walishindwa: mahakama iliona kampuni inaajiri wanawake (Wazungu, ofisini) na inaajiri weusi (wanaume, kiwandani), basi ubaguzi uko wapi? Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo mwaka 1989 akaonyesha kwamba aliyesimama njia panda hugongwa na magari ya barabara zote mbili. Kwenye kura ni vivyo hivyo. Shirley Chisholm, mwanamke mweusi aliyewania tiketi ya Democratic mwaka 1972, alisema kwamba kuwa mwanamke kulimwekea vikwazo vingi kuliko kuwa mweusi. Na mwaka 2024 dodoso lilikuta wanawake weusi 91 kwa mia na Harris, wanaume weusi 77. Rangi moja, pengo la pointi 14.

Je, chuki kwa mgombea mwanamke ipo? Ukiuliza waziwazi huipati. Mwaka 1937 kampuni ya kudodosa maoni ya Gallup ilipouliza, asilimia 33 walisema wangempa kura mwanamke anayefaa. Siku hizi ni zaidi ya 90. Watafiti wakabuni jaribio la orodha. Nusu ya watu wanapewa mambo manne ya kukera, nusu nyingine manne hayo hayo na la tano: mwanamke kuwa rais. Hutaji yepi yanakukera, unasema idadi tu. Tofauti ya wastani wa makundi mawili ndiyo jibu. Utafiti mmoja wa namna hiyo, uliochapishwa mwaka 2008, ulipata kwamba kama asilimia 26 wanakerwa na mwanamke kuwa rais. Wengi wao huenda hawangempigia Democratic hata akisimama mwanamume. Lakini mwaka 2016 Clinton alipoteza Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa jumla ya kura kama 78,000, na kwa hesabu ndogo hivyo hata wachache wanatosha.

Jaribio hilo unaweza kulifanya shuleni kwako. Weka la tano: "kiranja mkuu kuwa msichana". Wanafunzi 40 wa darasa moja hawatoshi, matokeo yatayumba. Mwombe mkuu wa shule akupe mkondo mzima, kidato cha kwanza hadi cha nne, na karatasi zisiwe na majina.